Karatasi ya Kamanda

Kila asubuhi kabla ya shule Royce Tillery alikuwa na kazi mbili: kukoroga uji wa mahindi na kumsuka Janessa. Uji aliuweza. Nywele zilimshinda.

"Baba Royce, nitachekwa!"

"Atakayecheka mlete hapa, nimsuke na yeye."

Janessa alikuwa na miaka tisa. Royce, baba yake wa kambo, alimlea tangu akiwa na miaka mitatu. Mama yake, Sajini Latrice, alikuwa ametumwa ng'ambo na kikosi chake kwa miezi tisa. Baba yake mzazi, Marvell, aliishi mji wa jirani. Mahakama ilikuwa imeamua zamani kwamba mtoto akae na mama, na wikendi mbili kila mwezi aende kwa baba.

Lakini tangu Latrice aondoke, Royce alikuwa hampeleki. Aliogopa kwamba akienda hatarudi.

Ijumaa moja Marvell alibisha hodi.

"Nimemfuata mwanangu. Mama yake hayupo. Wewe ni nani yake?"

Royce akamwonyesha karatasi. "Soma. Latrice aliijaza kambini kabla ya safari, kamanda akatia sahihi. Mtoto anabaki na mimi."

"Kamanda ndiye aliyemzaa? Basi tutaonana mahakamani!"

Hakutania. Wiki iliyofuata ilifika barua ya mahakama. Marvell alitaka Janessa ahamie kwake moja kwa moja. Royce alianza kuisoma akiwa amesimama, akaimaliza akiwa amekaa.

Akakimbilia kwa jirani yake, Bi Opal, aliyekuwa karani wa wanasheria wa jeshi kwa miaka ishirini. Bi Opal alisoma barua, kisha ile karatasi.

"Royce, mwanangu, hii inamwonyesha kamanda kwamba askari wake ana mtu wa kumlelea mtoto. Basi. Haimfungi hakimu. Wala haifuti haki ya baba mzazi."

"Kwa hiyo nimempoteza?"

"Nani kasema? Tulia. Sheria ya jimbo letu haitaki mzazi anyang'anywe mtoto kwa sababu tu ametumwa kazini. Tena mahakama inaweza kumruhusu Latrice akukabidhi mtoto kwa muda, maana wewe ndiye mlezi aliyemzoea. Ila lazima aombe. Mwambie leo hii awaone wanasheria wa jeshi hukohuko aliko. Huduma yao ni bure."

"Nitampigia sasa hivi."

"Ngoja, sijamaliza. Wikendi za Marvell umezipeleka wapi?"

Royce akainamisha kichwa.

"Unaona? Wewe ndiye uliyevunja amri ya mahakama. Ungekuwa wewe Marvell, usingekasirika?"

Maneno yalimchoma, lakini yalikuwa kweli. Jioni ile Latrice alipeleka ombi lake. Royce naye alimpigia Marvell.

"Ndugu yangu, nimekukosea. Niliogopa tu. Njoo Jumamosi umchukue."

"Mimi nilidhani mnataka anisahau," Marvell akasema.

Jumapili Royce alisimama dirishani tangu saa nane mchana. Saa kumi gari likafika. Janessa akashuka, kasukwa mistari iliyonyooka vizuri.

"Bibi kanisuka! Mama yake baba Marvell!"

"Mwambie bibi namshukuru," Royce alisema. "Namshukuru sana kuliko anavyodhani."

Mahakamani hapakuwa na ugomvi tena. Latrice alionekana kwenye skrini, amevaa sare. Marvell aliacha dai lake, na wazazi wote wawili walikubaliana. Hakimu akaandika amri ya muda: Janessa abaki nyumbani kwake na shuleni kwake chini ya Royce, wikendi za baba ziheshimiwe, na amri hiyo ifike mwisho mama akisharudi.

Latrice alirudi Aprili, miezi yake tisa ilipotimia. Uwanjani pale kambini Royce alishika upande mmoja wa bango la kumkaribisha, Marvell upande wa pili. Bi Opal alikuwa nyuma yao, akilia waziwazi.

Latrice alimkumbatia mwanawe, kisha akamshika kichwa akakigeuza huku na huku. Upande mmoja mistari ilinyooka. Upande mwingine ilikwenda kombo.

"Nani kakusuka hivi?"

"Huku bibi," Janessa alisema. Kisha akagusa ile mistari ya kombo. "Huku baba Royce. Nilimkataza bibi asiifumue."