Plamu Zilizoiva Katikati ya Matibabu

Kila Septemba ua wetu ulinukia matunda ya plamu. Mama yangu, Paraschiva, alizipika jamu bila sukari kwenye sufuria kubwa ya shaba, tangu alfajiri hadi jioni. Mwiko hakumpa mtu. Moshi ule ninaupenda hadi leo.

Mwaka mmoja damu ilimtoka, ingawa hedhi ilishakoma zamani. Akaficha, mbishi yule, mpaka nilipoona shuka. Hospitali wakasema ni saratani ya mlango wa kizazi, na imeshaenea pembeni. Wakampangia mionzi siku tano kwa wiki, na dripu ya dawa kila Jumatatu, kwa wiki tano. Baada ya hapo, mionzi ya ndani, inayowekwa kwenye mlango wa kizazi wenyewe.

Wiki mbili alikwenda. Alitapika, akachoka. Na plamu zikaiva.

"Kesho siendi," akasema Jumapili. "Mionzi ingoje wiki moja. Dripu nitaimalizia wakati wa theluji."

"Mama, na ugonjwa nao utangoja?"

"Anuca, usinifundishe. Mimi ndiye niliyekuzaa!"

Niliogopa sana. Nikakimbia kumwita jirani yetu Domnica, muuguzi wa wadi ya mionzi. Alikuja na aproni yake ya jikoni.

"Shangazi," akamwita Mama kwa heshima, "jamu huiva kwa moto au kwa mwiko?"

"Swali gani hilo? Kwa vyote viwili!"

"Leo nikiwasha moto, mwiko nikaushika mwezi ujao?"

"Utakula makaa."

"Haya. Mionzi inaziharibu seli za saratani. Dawa inazizuia zisijitengeneze upya. Ndiyo maana vinakwenda pamoja, wiki zilezile. Ukikatiza, zilizobaki zinapata nafasi ya kukua."

Mama akauliza: "Na huku kutapika?"

"Mbona hukusema? Zipo dawa za kutuliza. Kunywa maji, damu ipimwe kila wiki. Ukipata homa au ukiharisha, sema siku hiyohiyo."

"Na plamu zangu?"

"Nitakoroga mimi."

"Wewe? Wewe uliyeunguza supu ya harusi ya dada yako?"

Jumatatu Mama alikwenda. Sisi tulikoroga kwa zamu, na jamu ikaungua kidogo. Aliionja kwa mkate, akakunja uso. "Aibu tupu." Kisha akaomba mkate mwingine. Hakukosa hata siku moja hadi matibabu yalipoisha.

Miaka tisa imepita. Domnica yuko Italia, na nyumba yake imefungwa. Kila nikipita langoni pake moyo unaniuma. Mama bado anakwenda kuchunguzwa, na ugonjwa haujarudi.

Juzi, akiwa mbele ya sufuria, nilinyoosha mkono kuomba mwiko.

"Umeshapima mlango wa kizazi?" akauliza.

"Bado. Siumwi kitu."

"Hata mimi nilisema hivyo." Akaurudisha mwiko kwake. "Nenda kapime kwanza. Ukirudi, utakoroga wewe."

Nilikwenda kesho yake. Leo mikono yangu inanuka moshi.