Mpishi Haombi Radhi

Foleni ya duka la fotokopi ilikuwa imefika mlangoni, wanafunzi wa chuo wakisukumana utadhani majibu ya mtihani yanagawiwa humo ndani. Katikati yao alisimama Dobi, amekumbatia madaftari manne. Gauni lake la buluu lilikuwa limenyooka kuanzia begani hadi kwenye pindo. Ukitafuta mkunjo ungerudi mikono mitupu. Alikuwa amepiga pasi nguo za watu kwa miaka kumi, na mitatu ya mwisho aliichanganya na kuandika riwaya ambayo hakuna aliyemtuma.

"Dada, fotokopi au kuchapa?" aliuliza mwanamume wa nyuma ya kompyuta, vidole vyake vikikimbia bila yeye kuvitazama. Mtaa mzima ulimwita Mpigachapa.

"Kuchapa. Yote manne."

"Yote? Hii ni nini, katiba?"

"Riwaya."

Wanafunzi wawili wakacheka. Dobi aliwakazia macho mpaka wakarudi kwenye shida zao.

"Ya mapenzi?"

"Ya mwanamke anayeondoka. Kama itakushinda niambie mapema, ng'ambo ya barabara kuna duka jingine."

"Mimi kazi hainishindi, dada."

"Mbona shati limekushinda? Umenyoosha mbele tu. Mgongo umeufunika na koti."

Mpigachapa akapeleka mkono mgongoni, amefumaniwa. Kisha akacheka, kicheko kirefu kisicho na aibu, na Dobi, ambaye hakwenda pale kutafuta mtu, akajikuta anataka kukisikia tena.

Hakungoja sana. Simu ilianza kulia kila siku saa ya chakula cha mchana. Wiki ya kwanza alikuwa "dada", ya pili "mwenzangu", na ya tatu Mpigachapa hata haya hakuona.

"Laazizi, huyu mpishi wa riwaya yako umemtoa wapi?"

"Mfukoni mwa aproni. Iliachwa hapa dukani kwangu, ndani ina ufunguo wa nyumba. Nikaitunza mwaka mzima, mwenyewe hakuja. Nikajiuliza, mwanamke gani anaacha ufunguo wa kwake na haurudii? Wahusika wangu wote huanza hivyo. Kwanza nguo, halafu doa, halafu mtu."

"Na mimi ungeanzia wapi?"

"Mgongoni."

"Una maneno wewe. Nani alikufundisha kuandika?"

"Michezo ya redio. Mama alikuwa akiifungulia tukifua. Kila mwanamke aliyeondoka kwake alirudi kabla ya taarifa ya habari, analia, anaomba radhi. Nilikuwa na miaka kumi. Nikasema siku yangu ikifika, wangu harudi."

Dobi aliandika amesimama, pasi ikipata moto, na aliandika kwa penseli kwa sababu wino ukidondokea shati la mteja ni balaa. Sura ikishaisha hakuigusa tena, wala hakuisoma. Kwa hiyo Mpigachapa alipomkabidhi mswada uliochapwa, hata hakuufungua. Alimwamini, na si kwa kuchapa tu. Walishazoea kutembea pamoja jioni wakishafunga maduka, mkono wake mgumu wa mvuke ndani ya mkono laini wa mtu wa kompyuta. Kampuni ya vitabu ilikuwa inapokea miswada ya waandishi wapya hadi Ijumaa saa sita mchana, basi. Baada ya hapo, mlango umefungwa.

Jumatano, Mama, aliyekuwa amekaa dukani kwa Dobi na miwani yake akiusoma mswada tangu asubuhi, alifika ukurasa wa mwisho.

"Sasa huyu nimempenda," alisema. "Alikuwa na kiburi, lakini mwisho karudi kwa mumewe, kapiga magoti, kaomba radhi. Umekua, mwanangu."

Dobi aliisimamisha pasi. "Soma tena, Mama."

Mama akasoma. *Nisamehe mume wangu, nilikosea.*

Sentensi hiyo Dobi hakuiandika. Miaka mitatu amesimama mpaka miguu inavimba, ili mwanamke mmoja tu aondoke na asirudi, na mtu anayempenda amemrudisha kwa dakika tano. Hasira ilimpanda hadi masikio yakawaka. Alitoka na aproni yake ya kazi, akapenya foleni.

"Nani alikuruhusu?"

Mpigachapa hakuuliza ni kuhusu nini. "Nilitaka wakuchukue," alisema. "Miaka tisa nachapa barua za watu. Za kuomba kurudishwa kazini, kurudishwa shule, kurudishwa nyumbani. Wanaosamehewa ni wale wanaojishusha. Niliogopa watamtupa mpishi wako kwa ukaidi wake, na wewe utupwe naye."

"Kwa hiyo ukamshusha."

"Nilimwokoa, laazizi."

"Leo mimi si laazizi wa mtu. Nipe madaftari yangu."

Alhamisi asubuhi alikuta bahasha chini ya mlango wa duka. *Kwa heshima na taadhima, ninaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza.* Aliisoma mara moja, akapiga simu.

"Barua hii umewachapia wangapi?"

"Wengi," alikiri Mpigachapa.

"Umebadilisha jina tu."

"Sijui nyingine. Niambie nifanye nini, nitafanya."

"Kesho fungua duka saa mbili. Nachapa mwenyewe. Wewe hugusi kibodi, utanisomea."

"Lakini wewe unachapa kwa kidole kimoja."

"Kidole ni changu."

Sura ya mwisho ilikuwa kurasa saba. Ijumaa hiyo kila mteja aliyechungulia aliambiwa leo hakuna kazi, na Dobi aliwinda herufi moja moja huku Mpigachapa, amebaki na koti lake licha ya joto la mashine, akimsomea kutoka kwenye daftari. Saa nne walifika ukurasa wa sita. Sauti ya msomaji ikaanza kufifia.

"Sijasikia," alisema Dobi.

"*Unakwenda wapi? mumewe aliuliza. Mpishi akaukunja ufunguo ndani ya aproni. Sijui bado, alisema. Ila sirudi. Na radhi siombi, kwa sababu sijakosa.*"

"Rudia."

Mara ya pili hakusoma kikarani. Aliyasema maneno yale, akakwama, akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Mara ya kwanza nilichapa ulivyoandika," alisema. "Nikalia. Halafu nikaogopa, nikafuta. Yeye hajakosa. Nimekosa mimi."

Dobi alimgeukia. "Hilo hujalitoa kwenye barua ya mtu," alisema. "Endelea."

Saa sita kasoro robo karani wa kampuni ya vitabu aligonga muhuri juu ya mswada. Nje, wafanyakazi wa maofisini walikuwa wanamiminika kwenda kula. Mpigachapa alikuwa anamsubiri kwenye ngazi.

"Wakiukataa?"

"Watakuwa wamemkataa mpishi wangu, si wako."

Mpigachapa akapanda ngazi moja. "Nataka tuoane. Sijui kulisema kwa mapambo."

"Mimi sijui kujishusha. Umesoma kurasa mia mbili, unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana naomba."

"Vua koti."

Akavua.

"Geuka."

Akageuka palepale kwenye ngazi, watu wakimpita pande zote. Mgongo wa shati ulikuwa umenyooshwa wote hadi chini, na katikati yake pana alama ya kahawia, umbo kamili la pasi.

"Umeliunguza."

"Najua."

Dobi akaweka kiganja chake juu ya ile alama, akakiacha hapo. Hakujali nani anaona.

"Nitakuoa," alisema. "Lakini pasi utajifunza."

"Utanioa wewe?"

"Una tatizo?"

"Sina," alisema Mpigachapa, na kile kicheko kirefu kikatoka.

Jioni, Mama alipokea habari za posa kwa vigelegele vilivyowatoa majirani madukani. Kisha akakumbuka. "Na yule mpishi? Karudi?"

Dobi alikuwa anautundika ufunguo wa aproni kwenye msumari juu ya meza ya pasi.

"Hajarudi, Mama. Wala harudi."

Redio ilikuwa inapiga wimbo wa mwanzo wa mchezo wa jioni. Mama aliisikiliza kidogo, akaizima, akatafuta miwani yake.

"Basi nipe daftari," alisema, "nione alivyoondoka."