Mdomo wa Baba

Kila siku alipotoka shule, Kifutio alivua sare, akanawa mikono, kisha akaketi kando ya kitanda cha baba yake kumnywesha chai kwa kijiko. Alilenga upande wa kulia wa mdomo. Upande wa kushoto ulikuwa umelegea na kuteremka tangu baba alipopata kiharusi, na chai ilipitia hapo hadi kidevuni. Kifutio alimpangusa kwa taulo dogo huku akitazama pembeni.

Baba alikuwa kinyozi. Kioo kirefu cha saluni yake kilikuwa kimeletwa nyumbani, kwa sababu muuguzi alisema, "Mzee, nyoosha mdomo mara tatu kwa siku mbele ya kioo. Usipofanya, misuli italala moja kwa moja." Baba alijitazama mara moja tu, akaashiria kioo kigeuzwe kielekee ukutani. Wiki tatu zilipita bila zoezi, bila mgeni, bila hata mzaha.

"Nimembembeleza mpaka maneno yameniishia," mama alisema. "Angekuwa mtoto, ningemchapa."

Ndipo Kifutio alipowaza: nikimchora vizuri, baba atakumbuka sura yake na kupata moyo.

Siku nne alichora, akafuta, akachora tena. Jina lake la utani halikutoka hewani. "Kifutio, leo umekula raba ngapi?" jirani yake darasani alimtania. Kila alipofika pembe ya kushoto ya midomo, mkono wake uliipandisha juu wenyewe. Siku ya tano karatasi ilichanika, tundu likabaki palipokuwa na mdomo.

Mwalimu wa sanaa, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Mkaa kwa vidole vyake vyeusi, aliinua karatasi ile. "Huyu nani?"

"Baba."

"Kwani baba yako ana macho kwenye paji la uso?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alisimamisha penseli mbele ya uso wa Kifutio na kuupima. "Kutoka utosini hadi kidevuni, macho yapo katikati. Wengi huyapandisha, wakisahau kwamba chini ya nywele nako kuna kichwa." Kisha akagusa lile tundu. "Na hapa unachora unachokitaka, si unachokiona. Tazama uso mara kumi, karatasi mara moja."

Jioni hiyo Kifutio alipima. Macho yakashuka mahali pake, pua ikapata kivuli, masikio yakakaa usawa wa pua. Mdomo peke yake aliuchora ukiwa umenyooka, kama wa zamani. Akampa baba.

"Huyu nani?" baba aliuliza, maneno yakimtoka kwa shida.

"Ni wewe, baba."

"Huyu alishaondoka." Akaugeuzia ukuta uso wake, kama kile kioo.

Kifutio alibaki ameshika karatasi. Hakuweza kumponya baba, hakuweza kumchekesha, na sasa hata penseli yake ilikuwa imemuumiza. Machozi yakamtoka. "Siwezi kuuchora mdomo wako, baba. Nikiutazama naogopa."

Kitanda kililia. Baba alikuwa akigeuka, polepole.

"Hata mimi... naogopa," alisema. "Chora."

Kifutio alichukua karatasi mpya. Alitazama mara kumi, akachora mara moja. Pembe ya kushoto ilishuka chini ya pembe ya kulia kwa upana wa penseli nzima. Shavu la upande huo lilikuwa laini, bila ile mikunjo ya kicheko. Alisugua kivuli chini ya mdomo kwa kidole, tone la chozi likaangukia shingoni mwa picha. Hakufuta kitu.

Baba aliitazama picha ile muda mrefu. Mwishowe akasema, "Nywele... hovyo kabisa."

"Kinyozi hajinyoi, baba."

Shavu lake la kulia likapanda kidogo. Mama, aliyekuwa mlangoni, akajifunika uso kwa mikono.

"Miaka ishirini nimeshika nyuso za watu," baba alisema, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Sijaona hata mmoja uliolingana pande zote. Na kila mteja nilimwonyesha kisogo chake kwa kioo, apende asipende. Uso wangu nikauficha. Mwanangu, usichokubali kukitazama huwezi kukitengeneza. Si kwa wembe, si kwa penseli, si kwa dawa. Mama watoto, geuza kioo."

Mama akakigeuza. Baba alijitazama, kisha akavuta mdomo: "Iiii." Upande wa kushoto haukusogea hata chembe.

"Tena, baba," Kifutio alisema. Akaandika tarehe chini ya picha, akaibandika kando ya kioo, na kuacha nafasi ya picha ya wiki ijayo.

"Iiii," baba akasema.