Kioo Kilicholambwa

Kitu cha kwanza kilikuwa ute. Siku ya pili tu tangu televisheni mpya iwekwe sebuleni kwa akina Sarmad, dada yake Nazish alipita na kitambaa kufuta vumbi asubuhi, na kitambaa kikanata. Alikinusa, akakitupa. Kwenye kioo, kutoka chini hadi juu, palikuwa na alama pana iliyokauka ikang'aa, kama njia ya konokono, ila huyo konokono angehitaji kuwa na upana wa kiganja. Akamwita kaka yake aje amweleze ni nani aliyelamba televisheni.

Sarmad akamwambia apunguze usafi wa kujionyesha. Hiyo ni gundi ya ile plastiki ya dukani, akasema, inatoka yenyewe ndani ya wiki. Alisema kama mtu anayejua, na hapo ndipo tulipokuwa tukikosana mimi na Sarmad. Shule niliiacha darasa la sita na wala sijuti, lakini katika mtaa wetu huu wa Lahore ya zamani, kuanzia msikitini mpaka kwa muuza mtindi, ukitaka kujua habari za televisheni unaniuliza mimi, jirani yao. Sarmad hakuniuliza. Angeniuliza, haya yote yangeishia dukani.

Wacha niwaeleze ilivyokuwa. Nazish alikuwa na miaka ishirini na saba, na wageni wa posa walikwishakuja mara mbili, wakanywa chai, wakamaliza sambusa, wakaondoka moja kwa moja. Mama yake, Bi Shamim, aliamini kilichowafukuza ni lile televisheni la kizamani lenye kisogo kikubwa, lililofunikwa kitambaa cha darizi kama maiti. Sasa wanakuja wa tatu, na hawa hawakuwa wageni hasa. Kijana mwenyewe, Tauqeer, anauza dawa katika duka la barabara kubwa, na mwaka ule Nazish aliumwa kichwa mara nyingi mno kwa msichana mwenye afya ya punda. Mtaa mzima ulijua. Bi Shamim alijifanya hajui. Na Nazish alikwishasema: hawa nao wakienda, hataketi tena mbele ya watu atazamwe meno kama mbuzi wa Idi. Kwa hiyo ilikuwa ama Tauqeer, ama basi.

Sarmad akatumwa kununua televisheni. Kuta za nyumba yao ni za yale matofali membamba ya zamani. Ukiweka drili yanamwagika kama biskuti, kwa hiyo kutundika haiwezekani. Lakini ukutani kuna kidaka, kishimo cha kuwekea taa. Sarmad akakipima kwa mtandio wa dada yake, akafunga fundo mwanzo na fundo mwisho, akapita nao duka hadi duka, wauzaji wakimwuliza kama anamtafutia mtandio mume. Ya inchi thelathini na mbili ilizidi mafundo. Nyingine ilikuwa na miguu iliyotanuka kama bata. Mwisho akachukua ya inchi ishirini na nne, nyembamba, picha yake haififii hata ukiitazama kwa pembeni, na nyuma ina tundu la king'amuzi na la flashi. Nakiri, alichagua vizuri. Iliingia kidakani kama iliyokatwa kwa ajili yake.

Ila kidaka kile kilikuwa na mwenyewe.

Bibi yao, Mungu amrehemu, kila Alhamisi alasiri aliweka mle taa ya udongo ya samli na kibakuli cha wali mtamu wa njano, kisha akakipa kidaka mgongo, kwa sababu Mzee wa nyumba, hivyo ndivyo alivyomwita, hapendi kutazamwa akila. Kesho yake kibakuli kilikuwa kitupu na kikavu. Bibi alipofariki, Bi Shamim akaendelea. Sarmad alizoea kusema bibi yake alifuga panya wanene kuliko wote wa Punjab. Siku alipoleta televisheni alitoa taa, akachukua kisu cha jikoni, akakwangua samli ya miaka mia iliyokuwa imegandamana humo na masizi, laini na ya kahawia kama nta ya sikio, akaitia kwenye mfuko wa taka. Mama yake alisimama mlangoni, akamkumbusha kwamba leo ni Alhamisi. Sarmad akamjibu asijali, Mzee naye atafurahi, sasa atapata kutazama kriketi.

Basi, akapata kutazama.

Siku ya tatu ikaja harufu. Ilikuwa ya samli iliyochacha, na chini yake pumzi ya kinywa kisichopigwa mswaki tangu kiumbwe, na ilizidi kila kioo kilipopata joto. Halafu ikaja sauti. Ukiizima sauti ya televisheni kabisa kwa rimoti, spika zilitafuna. Taratibu, kwa mate mengi, kama mzee asiye na haraka wala meno ya kutosha. Baadaye zikameza.

Jumatatu saa nne asubuhi Bi Shamim alikuwa akitazama kipindi chake cha mapishi. Mpishi akafunua sufuria ya biriani, akatabasamu, akaonyesha kwa mwiko. Sufuria ilikuwa tupu. Ilikuwa imelambwa ikang'aa, na udenda ulichuruzika ukingoni, na yule mwanamke akaendelea kuusifu wali usiokuwepo. Bi Shamim akabadili kituo. Tangazo la biskuti: mtoto ameshika pakiti, ndani mna makombo yaliyolowa. Akapanda darini akamwita mama yangu ukutani, akamwuliza kwa kunong'ona kama leo biriani ya kwenye kipindi ilikuwa na mayai. Mama yangu akamwambia ilikuwa nayo, manane.

Jumanne Sarmad alirudi kula chakula cha mchana. Dengu na chapati zilikuwa mezani, zimefunikwa. Akafunua bila kutazama, maana macho yalikuwa kwenye kriketi, akamega, akatia mdomoni, na kilichomshtua kwanza ni uvuguvugu, kwamba chapati ilikuwa na joto la mwili na si la jiko, kisha ulaini, kwamba hakuhitaji kuitafuna kwa sababu ilikuwa imekwishatafunwa, imefinyangwa kwa mate ya mwingine na kurudishwa sahanini, na alipotaka kuitema akahisi unywele umekwama baina ya ulimi na koo, akaushika kwa vidole akauvuta, ukaja, akavuta tena, ukazidi kuja, mweupe, mgumu kama uzi wa gunia, mrefu kuliko mkono wake, na ncha yake ya mwisho ilipotoka ilikuwa na punje moja ya wali wa njano. Alitapika kwenye mfereji wa uani.

Na bado kichwa kilikuwa kigumu. Akachukua bisibisi, akaichomoa televisheni, akafungua skurubu za nyuma. Mle ndani, palipotakiwa kuwa na waya na vumbi kidogo, mlikuwa mmeshindiliwa wali wa njano. Ulikuwa umelowa, unatoa mvuke, una zabibu zilizovimba. Wali mtamu haukupikwa nyumba ile tangu televisheni ilipoingia. Sarmad akarudisha kifuniko, akakaza skurubu zote nne, akanawa mikono mara tatu. Televisheni ikawaka kama kawaida.

Jumatano Bi Shamim akamleta Maalim Barkat, yule anayechonga vioo vya miwani mchana na kuwasomea watu wakimwomba. Hakusoma kitu. Alijifunga kilemba puani, akaomba rimoti, akapitia vituo kimoja kimoja: mashamba ya ngano, harusi, matangazo ya mafuta ya kupikia. Akazima.

"Miaka mia amekula sahani moja kwa wiki, akashiba," akasema kwa sauti ya chini. "Nyinyi mmemzibia mlango, halafu mkamwonyesha jiko la dunia nzima."

Bi Shamim akauliza wafanye nini.

"Itoeni leo. Mrudishieni taa yake na wali wake. Na hiyo ivunjeni. Msiiuze, msimpe mtu."

Sarmad akasema wageni ni kesho. Wakitoka tu, ataivunja kwa mkono wake mwenyewe.

"Kaka, itoe," Nazish akasema.

"Nimeinunua kwa ajili yako."

"Ndiyo maana nakwambia itoe."

Hakuitoa. Maalim alikataa hata chai. Aliaga akiwa tayari nje.

Alhamisi alasiri Tauqeer akafika na mama yake, Bi Rukhsar, mwanamke mpana mwenye macho ya karani. Sebule ilikuwa imefukizwa ubani na kupuliziwa marashi mpaka macho yanawasha. Televisheni iliwashwa, sauti chini, kwa sababu ya nini kununua televisheni mpya kisha uikalishe gizani. Bi Rukhsar aliitazama, akasema picha ni safi, na ukubwa wake ni wa adabu, inafaa hata chumba cha maharusi. Bi Shamim alisikia maneno hayo kama mvua. Ndipo Nazish akaingia na sinia, macho chini kama inavyotakiwa, sambusa upande huu, bakuli la wali wa njano upande ule.

Aliinama kuliweka sinia, na nyuma yake mtangazaji wa habari akafifia, kioo kikaanza kufanya ukungu kutoka ndani kama dirisha lililopumuliwa, na katikati ya ukungu ule ukatokea ulimi, wa kijivu, mpana kama kiganja, wenye utando mweupe na mabaki ya vyakula vya nchi ambazo hakuna aliyezijua pale, ukalamba kioo kutoka chini kwenda juu polepole ukiacha ute wake, ukasimama pale usawa wa sinia, na wakati huohuo wali ukaanza kudidimia bakulini pasipo kijiko, katikati kwanza, kwa mlio wa kufyonza, na Bi Rukhsar, ambaye alikuwa amekwishauma sambusa yake, akaacha kutafuna, akaweka kiganja chini ya kidevu na kutema kitu ambacho hakikuwa na alama za meno yake tu.

Hakuna aliyesogea. Tauqeer alikuwa mweupe kama vidonge vyake.

Nazish ndiye aliyesogea. Aliishika televisheni kwa mikono miwili, vidole vikizama kwenye ute, akaing'oa kidakani waya zikachomoka, akailaza kifudifudi sakafuni. Akachukua bakuli la wali akalitia kidakani. Akaenda jikoni, akarudi na ile taa ya udongo ambayo mama yake aliificha nyuma ya unga, akamimina samli, akawasha kiberiti. Kisha akageuka, akakipa kidaka mgongo, na kuwatazama wageni wake usoni kwa mara ya kwanza. Bi Rukhsar naye akageuka, bila kuambiwa, akamgeuza mwanawe kwa bega. Wote wakatazama ukuta wa pili. Nyuma yao kukasikika kula, kwingi, kwa pupa, halafu mlio wa bakuli tupu kuguswa chini. Harufu ikaondoka kama ya mfereji uliomwagiwa maji.

"Hata kwetu yupo," Bi Rukhsar akasema. "Tunamwekea darini. Lakini kabla ya wageni, mwanangu. Siku zote kabla ya wageni."

Akaomba maji ya kusukutua. Alipomaliza, akamwambia Bi Shamim kwamba kwa upande wake maneno yamekwisha, waangalie tarehe.

Hapa ningependa kuishia. Ila televisheni haikuvunjwa. Sarmad alisimama juu yake na nyundo, akaitazama: mpya, haina mchubuko, ina dhamana ya mwaka. Akaifuta. Haikunuka. Akaiwasha, biriani ikawa na mayai. Miezi mitatu ilikaa chini ya kitanda, kimya, na wiki ya harusi, vitu vya bibi harusi vilipotandazwa uani ili jamaa wavione, mashuka, masufuria, cherehani, Bi Shamim akakumbuka ile sifa ya chumba cha maharusi. Ikatiwa kwenye boksi lake, ikafungwa utepe mwekundu.

Walioipandisha kwenye gari walikuwa wawili, Sarmad na mimi. Ngazini ilikuwa nzito kuliko inchi ishirini na nne inavyostahili kuwa. Boksi lilikuwa vuguvugu kifuani pangu, na kwenye mshono wa karatasi palitoka pumzi chachu. Nilikuwa nimejisifu mtaa mzima kwamba majini wananikimbia mimi. Nikanyamaza, nikasukuma.

Alhamisi ile Bi Shamim aliweka wali kidakani, akageuka. Ijumaa aliukuta vilevile. Alhamisi iliyofuata, vilevile. Ya tatu hakuutoa, akausubiri, ukaota ukungu wa kijani, na hata inzi hawakutua juu yake.

Wiki ya nne Nazish akapiga simu mchana. Aliuliza hali ya mama, akauliza bei za vitunguu, akamtania Sarmad kwamba amenenepa bila dada wa kumnyang'anya sahani. Kisha akasita. Sarmad akasikia, nyuma ya ukimya wake, kitu kikitafuna bila haraka.

"Kaka," akasema taratibu, "ile gundi ya kioo, uliyoniambia inatoka ndani ya wiki."

"Ina nini?"

"Leo nimeamka nayo shavuni."