Waliosema Kwao Ni Juu

Kila asubuhi Nyirarukundo alitwanga muhogo nyuma ya nyumba waliyopanga katika kijiji cha Lweba. Vita viliwateremsha kutoka milimani, yeye, mumewe na watoto watatu. Mwili ulishuka, moyo ukabaki kule kwa ng'ombe.

Mwaka jana alikuja Zubeda, mama wa kijiji anayezunguka nyumba kwa nyumba kuhesabu watu kwa niaba ya kituo cha afya.

«Mama, kwenu ni wapi?»

«Kwetu ni juu, ku milima. Usituandike hapa! Kesho batasema shamba yetu ya kule haina mwenyewe.»

Zubeda alikuwa na haraka. Alifunga daftari, akaenda zake.

Familia nyingi za milimani zilijibu hivyo hivyo. Surua ilipoingia kijijini, chanjo zilizoletwa zilikuwa chache. Nyirarukundo alisimama kwenye mstari na watoto tangu alfajiri. Chanjo zikaisha kabla hajafika mbele. Baada ya wiki tatu surua ikamuua Umwali, mtoto wake wa mwisho, wakamzika.

Matanga yalipoisha, Zubeda alirudi. Alikaa chini.

«Mama, serikali inakata inchi vipande. Jimbo iko na zone za afya, na kila zone iko na maeneo. Lweba ni eneo moja. Dawa inafuata hesabu ya eneo. Ninyi hamukuwa ku hesabu ya Lweba, wala ya milima.»

«We uliniuliza kwetu,» alisema Nyirarukundo kwa uchungu. «Hukuniuliza tunalala wapi.»

Zubeda aliinamisha kichwa. «Ni kosa yangu, mama. Mutu anahesabiwa mahali analala. Hiyo haiondoe shamba yako. Kwenu inabakia kwenu.»

Maji yakimwagika hayazoleki. Nyirarukundo alijifuta macho.

«Basi andika.»

«Muko batu ngapi?»

«Batano.» Akahesabu tena kwa vidole. «Hapana. Bane.»

Kisha akajifunga kitenge, akamfuata Zubeda kwa majirani wa milimani. Katika kila mlango alisema yeye mwenyewe: «Museme mahali munalala. Mimi nilisema kwetu, nikazika mutoto.» Nao wakaandikwa.

Chanjo zilipoletwa tena, zilitosha. Watoto wake wawili waliobaki, Mpano na dada yake, walichomwa sindano, wakalia, wakanyamaza. Mstari uliisha, na katika sanduku la baridi zikabaki chanjo kadhaa. Nyirarukundo alizitazama mpaka muuguzi akafunga kifuniko.