Bunduki ya Baba Mkwe

"Jovan, nani alikupa ruhusa ya kumuweka baba yangu mu gazeti?"

Jovan aliondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. Alikuwa mjini Mbarara, kwenye kibanda cha chai karibu na ofisi ya gazeti, akisubiri pongezi. Tangu asubuhi watu walikuwa wanamsifu kwa makala yake, "Kila Mfugaji Apewe Bunduki", na kichwa kilishamvimba kama andazi. Waandishi bwana!

"Apolline mpenzi, si nimemsifu mzee? Nimeandika kwamba kule Kivu, Kongo, alilinda kijiji kizima kwa bunduki moja. Hapo Nakivale wakimbizi wenzake hawampi heshima?"

"Banamupa heshima! Batu banakuja mulangoni kumupa mukono, ati shujaa. Amejifungia mu nyumba. Hakule, hata maji hanywe."

"Kwa nini sasa?"

"Sasa ndiyo unauliza?"

Simu ikakatika. Kabla hajapumua, ujumbe ukaingia: "Mahari ya Jumamosi musilete. Siolewe na mutu mwenye anauza kilio yetu."

Chai ikamshinda. Miaka mitatu ya kumbembeleza yule msichana, ng'ombe wameshachaguliwa, shangazi wameshashona nguo, halafu mambo yavunjike kwa makala moja? Akakimbilia kwa mama yake, Provia, mjane wa sajini wa jeshi. Alimkuta anapiga pasi mushanana, vazi lake la sherehe.

"Mama, Apolline amenikataa. Ni ile makala."

"Ile jirani alinisomea? Ningekuwa yeye ningekukataa na fimbo juu! Nani alikuambia familia za kambi ya jeshi tulilala na bunduki ndani ya nyumba, ndiyo maana wezi hawakuja?"

"Si baba alikuwa askari?"

"Baba yako alirudisha bunduki ghalani kabla ya kuonja chai yangu. Kila siku! Kuna jirani yetu mmoja hakurudisha. Akaja nayo nyumbani amelewa, akagombana na mke wake." Provia akaweka pasi chini. "Yule mama tulimzika. Wewe ulikuwa mdogo, tukakuambia amesafiri."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Unaandika juu ya kambi, mama yako niko hapa, simu unayo, mdomo unao! Nenda kwa huyo mtoto wa watu, bambi, maskini. Na usiende na kiburi."

Jovan akadandia boda boda mpaka Nakivale, vumbi limemjaa hadi kope. Apolline alikuwa sokoni Base Camp, kwenye meza yake ya vitenge. Alipomwona akaanza kukunja vitenge vilivyokuwa vimekunjwa tayari.

"Rudia kule, fasi ulitoka."

"Nisikilize kwanza. Wewe mwenyewe ndiye uliniambia. Uliniambia mzee alipewa bunduki alinde ng'ombe, na wezi wakakimbia."

"Nilikuambia nusu! Nilifika pale nikalia, nikashindwa kumaliza. Wewe ulifikiri nalilia nini?"

"Nilidhani unakumbuka kwenu."

"Ulinipangusa machozi, Jovan. Kisha ukaenda kuandika."

Aibu ilimkamata Jovan, akatamani ardhi ipasuke. Alimpenda huyu mwanamke kwelikweli, na ndiye aliyemuumiza.

"Nipeleke kwa mzee," akasema.

"Kumufanyia nini tena? Picha?"

"Kumuuliza. Akinifukuza, nitaenda."

Apolline akamwachia jirani meza yake, akatangulia bila kugeuka nyuma.

Mzee Bonaventure alifungua mlango kwa sababu binti yake alimwomba kwa machozi. Jovan akapiga magoti palepale kizingitini.

"Baba, niliandika kitu ambacho sikijui. Naomba uniambie mwisho wake. Kama hutaki, basi."

Mzee akaketi, mikono juu ya magoti. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo.

"Bezi balikimbia kweli, mara moja. Nikajiona mwanaume. Nikawa nalala na ile bunduki kando ya kichwa. Kisha usiku moja nikasikia zizi inatikisika. Nikapiga." Akaangalia kiganja chake. "Ilikuwa mutoto yangu Anselme. Ndama ilikuwa imefunguka, aliamka kuifunga. Hakutaka kuniamusha, sababu nilikuwa nimechoka."

Apolline akajifunika uso kwa kitenge. Jovan alilia bila kujificha.

"Nisamehe, baba. Nitaandika kwamba nilisema uongo."

"Ulikusudia uongo?"

"Hapana. Sikuuliza. Lakini aliyesoma amedanganywa vilevile."

"Banasema bafugaji ya Endiinzi, hapa jirani, banakutana kuomba bunduki, gazeti yako bamebeba mukononi," mzee akasema. "Andika haraka. Na uweke jina yake. Anselme."

Mhariri alipoisoma makala mpya, akaisukuma mezani.

"Mwandishi gani anajipinga mwenyewe? Wasomaji watatucheka!"

"Wacha wacheke. Usipoichapa, jina langu hutaliona tena kwenye gazeti hili."

Mhariri akanung'unika, lakini Ijumaa ikatoka. Jovan aliandika wazi: "Wiki hii nilisema bunduki nyumbani inalinda nyumba. Nilikosea. Kambini nilikokulia, usalama wetu ulikuwa ghala la silaha lililofungwa kwa kufuli. Na ile bunduki niliyoisifu haikulinda kijiji. Ilimuua Anselme, mtoto aliyeamka kufunga ndama. Wazee wa Endiinzi, kabla hamjaomba bunduki, ulizeni kwanza waliowahi kulala nazo."

Mchana mzima Jovan alishikilia simu mkononi. Jioni ikalia. Ujumbe wa Apolline.

"Papa amesomewa mara mbili. Anauliza, kesho munafika saa ngapi?"

Alipiga yowe mpaka Provia akatoka jikoni na mwiko!

Jumamosi wakafika, ng'ombe mbele, ngoma nyuma. Baada ya kula, mshenga wa Jovan akasimama kutania kama desturi.

"Mzee Bonaventure, tumesikia una mtoto mmoja tu. Unatupaje sisi yule mmoja? Utabaki na nani?"

Watu wakacheka. Mzee akainuka polepole.

"Hapana. Niko na batoto babili. Apolline munamuona. Anselme nilimuua na mukono yangu, na bunduki ya kulinda ngombe. Tangu tufike Uganda sijamutaja mbele ya batu. Leo namutaja."

Provia ndiye aliyenyanyuka, akaenda akapiga magoti mbele ya mzee, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, ndugu yangu. Pole sana."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Apolline hakungoja kuitwa. Alitoka ndani na vazi lake lote la bibi harusi, akaketi upande wa kuume wa baba yake, akiwa analia na kutabasamu.

Bonaventure akapangusa macho. Akavuta kiti kilichokuwa kitupu upande wake wa kushoto, akakipigapiga kwa kiganja.

"Jovan," akaita. "Kuja ukae hapa. Hii ni fasi ya kijana yangu."