Kijiko Kilichofutwa

Kila asubuhi, nyumbani kwao Darsait, Ibtihal humpimia mama yake bizari ya mchuzi wa mchana. Bi Shariffa ana sheria moja jikoni: kijiko cha bizari hakioshwi, kinafutwa.

"Maji yakiingia koponi bizari inaota ukungu," husema. "Futa, rudisha, funga."

Asubuhi hiyo waliharakisha, kwa kuwa shuleni kulikuwa na maonyesho ya sayansi na wazazi wamealikwa. Ibtihal na shoga yake Kheiria ndio waliochaguliwa kuonyesha jaribio la darasa lao. Wakifanya vizuri, wataiwakilisha shule kwenye mashindano.

Maabarani, Ibtihal alijaza neli mbili za kioo. Ya kwanza aliitia unga wa manjano uliochanganywa na chembe za metali ya platini. Ya pili aliitia unga wa manjano mtupu. Kheiria alizipokea na kuzilinda mezani.

"Kijiko umekiosha baina ya neli na neli?" aliuliza Abla Nouf, mwalimu wao.

"Nimekiosha, abla," alijibu Ibtihal. Alikuwa amekifuta kwa kitambaa, kama cha bizari, na kilionekana kisafi.

"Tutie nili ya kufulia kanzu, unga uwe buluu, tumalize kazi," Kheiria alimnong'oneza kwa Kiswahili cha nyumbani, si Kiarabu cha shuleni. "Nani atajua?" Wakacheka. Abla, aliyekijua Kiswahili, aliyasikia.

Wazazi walipoketi, Abla Nouf alieleza. "Unga huu ni oksaidi ya metali iitwayo tangsteni. Ukiupitishia gesi ya haidrojeni hivi hivi, bila moto, haubadiliki. Lakini platini huigawa haidrojeni ikawa atomu mojamoja, na atomu hizo huhamia kwenye unga. Hapo unga hugeuka buluu. Platini yenyewe haiishi, ndiyo maana tunaiita kichocheo."

Akafungulia gesi. Neli ya kwanza ikageuka buluu kama wino, na wazazi wakanong'ona kwa mshangao.

Kisha Ibtihal akainama kutazama. Ndani ya neli ya pili, isiyo na platini, palikuwa na doa la buluu. Doa likatanuka.

Abla akafunga gesi. "Kheiria, neli zilikuwa kwako. Umetia nini?"

"Sikutia kitu, abla."

"Si wewe uliyekuwa ukitaja nili? Utani umefika mbele ya wageni. Kwenye mashindano atakwenda mwingine."

Ibtihal alidhani Kheiria atalia au atapiga kelele. Kheiria hakufanya hivyo. Alimtazama Ibtihal tu, akingoja, kwa kuwa alikuwa amekaa karibu naye na alikiona kile kitambaa.

Nyuma, mama yake Ibtihal alikuwa amesimama.

"Abla, si yeye," alisema Ibtihal. "Kijiko sikukiosha. Nilikifuta tu, platini ikabaki, nikakwambia nimekiosha."

Abla Nouf alikitazama kijiko, kisha akamgeukia Kheiria. "Nimekudhulumu, binti yangu. Nisamehe. Utakwenda mashindanoni."

Ibtihal akakiosha kijiko kwa sabuni mbele ya wote, akakikausha, akajaza neli mpya. Gesi ilipopita, unga ulibaki manjano.

Njiani kurudi, Bi Shariffa hakuzungusha maneno. "Kufuta kijiko nimekufundisha mimi, na hilo si kosa. Jikoni kuna sheria zake na maabara ina zake. Kusema umekiosha, hilo nani kakufundisha?"

"Hakuna, mama."

"Basi mimi nilishtuka kuliko yeyote mle ndani. Chembe usiyoiona imegeuza neli. Na neno lako moja, dogo kama hiyo chembe, lilikuwa linamgeuza mtoto wa watu mwongo mbele ya wazee wake. Kijiko kinaoshwa kwa sabuni. Uongo hauoshwi ila kwa kuusema, tena mapema, kabla haujamfikia mwenzio."

Kheiria, aliyekuwa akitembea nao, aliuliza, "Na nili yangu je, Bi Shariffa?"

"Nili yako kafulie kanzu za baba yako, na mdomo wako uupumzishe."